Farasi aliyebeba uzito mdogo mbona hashindi?

Mtoto wa Chikongola
Wakuu, hapa Mtwara mpira ukiisha, vibanda vya kubeti vinaweka mbio za farasi za Afrika Kusini na Uingereza. Kila farasi ana uzito wake kwenye orodha: kule Sauzi 60, 57.5, 52, Uingereza 9-7, 8-2. Vijana wanamkimbilia mwepesi kuliko wote na mikeka inachanika. Huo uzito una maana, au ni urembo wa skrini? Na hiyo 9-7 ndiyo nini?

Tandiko
9-7 ni stoni 9 na pauni 7. Stoni moja ni pauni 14, kwa hiyo jumla ni pauni 133, kilo 60 na ushee. Ndani yake kuna joki, yaani mpanda farasi, nguo, buti na tandiko. Kofia ngumu na kiboko havimo. Joki akipungua kwenye mizani, anajaziwa vibamba vya madini ya risasi kwenye mifuko ya kitambaa kinachokaa chini ya tandiko. Anapimwa kabla na baada ya mbio, na akirudi na upungufu farasi anaweza kunyang'anywa ushindi.

Kosa la vijana liko hapa. Hendikapu, yaani mbio ambazo uzito hutumika kusawazisha farasi wakali na dhaifu, ina mtu maalumu anayempa kila mnyama alama kwa mbio alizokwisha kukimbia, kisha alama zinageuzwa uzito: Uingereza alama 1 ni pauni 1, Sauzi alama 1 ni nusu kilo. Wa kilo 60 amebebeshwa kwa sababu ni mkali. Kumbetia wa 52 kwa wepesi tu ni kuchagua gunia la korosho kwa kuwa halikuumizi mgongo.

Tena kuna kima cha chini. Tuseme ni 52, na farasi kwa alama zake alistahili 49. Atabeba 52 hiyo hiyo. Huyo mnayemwita mwepesi amezidishiwa kilo 3!

Mikindani Bay
Tandiko kamaliza, naongeza hesabu. Waingereza wana kipimo cha kugeuza uzito kuwa urefu wa farasi kwenye mstari. Mita 1000, urefu mmoja ni kama kilo 1.4. Mita 1600, kama 0.9. Ukifika mita 3000, karibu nusu kilo. Kadiri mbio zinavyorefuka, kilo ile ile inauma zaidi.

Mfano: mita 1600, A mwenye 60 alimshinda B mwenye 55 kwa urefu 2. Leo A ana 62, B yuko pale pale 55. Kilo 2 ni kama urefu 2, kwa hiyo kwenye karatasi wako sawa. Odi za A zikiwa 2.10 na za B 6.00, pesa iko kwa B. Ila tazama A alishindaje: kama joki alikuwa anavuta hatamu kumzuia farasi mita 100 za mwisho, ule urefu 2 haukuwa mwisho wake, na hesabu yote inaanguka.

Mwaka 1930 farasi Phar Lap alichukua Melbourne Cup ya Australia na kilo 62.5 hivi. Mwaka 1931 wakampa 68, akawa wa nane. Ile ilikuwa mbio ya maili 2, sasa fikiria hizo kilo 5 na nusu.

Mtoto wa Chikongola
Kuna majina ya majoki yenye (3) au (7) pembeni. Hiyo nayo?

Tandiko
Hao ni majoki wanafunzi. Uingereza wanapunguziwa pauni 7, 5 au 3 kufidia ugeni, na punguzo linashuka kadiri wanavyoshinda. Pauni 7 ni kilo 3.2, si haba, lakini kwenye mbio fupi yenye farasi 16 joki mgeni akibanwa ukutani anapoteza zaidi ya alichopunguziwa. Mimi punguzo la 3 ndilo naliheshimu: huyo ameshajua kazi.

Ligula Juu
Kabla hamjatoa kalamu, angalieni skrini kwanza. Mbio inayokuja kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, ni ya kompyuta. Pale mshindi anatoka kwenye programu ya namba za bahati, hakuna joki wala mizani. Mbio ya kweli ina jina la uwanja, kama Turffontein au Kenilworth za Sauzi, ina saa yake, na huku kwetu tuko saa moja mbele ya Sauzi.