Anayetumia Linux ananunua kiendeshi, si boksi: wauzaji na washauri wa kadi za grafiki mmetuchosha

Wakuu, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Mtu akiingia katika maduka yetu ya kompyuta, iwe Dar es Salaam au Nairobi, akaeleza kwamba anatafuta kadi ya grafiki ya kuchezea magemu usiku na kuandikia programu za grafiki mchana, tena katika mfumo endeshi wa Linux badala ya Windows, hajibiwi alichouliza. Anatajiwa jina lililo juu ya boksi, anatajiwa gigabaiti, kisha anaonyeshwa kwenye simu video ya gemu linalokimbia kwa fremu mia na ushee katika Windows. Akiuliza hali ya kiendeshi (driver, programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), anaambiwa kitajishusha chenyewe. Kwa mchezaji mtupu wa Windows jibu hilo linaweza kutosha, lakini kwa mtu ambaye kiendeshi ndicho kitu anachokifungua, anachokisoma na pengine anachokirekebisha, hilo si jibu hata kidogo.

Nianze na lililonipata. Duka moja la katikati ya jiji, ambalo sitalitaja kwa kuwa shauri letu halijaisha, liliniuzia kadi kwa jina la Radeon RX 580 ya AMD, ya gigabaiti 8, na risiti inasema hivyo hivyo pamoja na neno "mpya". Nilipoipachika na kuandika amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vilivyomo, mashine ilijibu kwamba kilichomo ni RX 580 2048SP. Wasioijua waelewe kwamba hiyo ni kadi iliyotolewa kwa soko la China mwaka 2018, yenye viini 2048 badala ya 2304 vya RX 580 kamili, yaani kwa viini ni RX 570 iliyovishwa jina la dada yake mkubwa. Nikaifungua. Skrubu za kushikilia hitsinki (kipoza joto) zilikuwa na vichwa vilivyochubuka, vumbi la kijivu lilikuwa limegandamana katikati ya mapezi ya alumini, na pedi za joto zilizo juu ya chipu za memori zilikuwa zimetoa mafuta yaliyotambaa hadi kwenye ubao. Hiyo si mpya, ni mtumba uliotoka kwenye uchimbaji wa sarafu za kidijitali, ambao ulimwagwa sokoni kwa wingi baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji Septemba 2022.

Sasa sikilizeni kinachoniumiza zaidi ya pesa. Wachimbaji wengi walikuwa wakibadilisha BIOS ya kadi, yaani programu ya ndani inayoiwasha na kuipangia kasi, wakibana muda wa memori na kushusha umeme ili kadi itoe zaidi kwa gharama ndogo. Kadi ya namna hiyo inaweza kufungua kivinjari na kucheza video siku nzima bila kulalamika, lakini ukiipa kazi nzito ya sheda (programu ndogo za kuchora zinazoendeshwa na kadi yenyewe) skrini inaganda na kumbukumbu za kerneli, kiini cha Linux, zinaandika "ring gfx timeout", yaani kadi imeshindwa kujibu kwa wakati. Anayecheza gemu tu atawasha upya kompyuta na kutukana kidogo, yakaisha. Anayeandika programu za Vulkan (mfumo wa kuiagiza kadi ichore) hana nafasi hiyo, kwa sababu GPU, chipu ya grafiki, kuganda ni jambo la kila siku katika kazi yake: ukisahau kizuizi kimoja kati ya hatua mbili, ukisoma nje ya mpaka wa bafa ya memori, au ukiandika kitanzi kisichoisha ndani ya sheda, utapata ujumbe ule ule. Kazi yote ya kutafuta kosa inasimama juu ya imani kwamba maunzi yanasema kweli. Ukishauziwa maunzi yanayodanganya, unakesha unapekua msimbo ulio sahihi ukitafuta kosa ambalo lilisajiliwa ndani ya BIOS na mtu usiyemjua.

Niliporudi dukani niliambiwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba Linux "inaisoma kadi vibaya", kwa hiyo niweke Windows. La pili walilionyesha kwa kidole chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kuhusu la kwanza, lspci haibuni jina. Inasoma namba ya utambulisho inayotolewa na kadi yenyewe na kuitafuta katika orodha iliyo wazi kwa kila mtu. Kuhusu la pili, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji aliyepotoshwa. Maandishi ya wino mwekundu chini ya risiti hayageuzi RX 570 kuwa RX 580.

Tukitoka kwa wauzaji, nina neno na washauri wetu wa humu jukwaani pia, maana kila anayeuliza achukue kadi gani ya Linux anajibiwa kwa sentensi moja: chukua NVIDIA, maliza. Sina ugomvi na kadi zenyewe. Kama unaandika gemu lako juu ya Vulkan bila haja ya kujua kilichoko chini yake, au unahitaji CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kukokotoa kwa kadi), zinafanya kazi nzuri, na kiendeshi chake rasmi cha Linux kinaendesha magemu ya Windows kupitia programu ya Proton bila aibu. Lakini muulizaji akisema anataka kujifunza kuandika grafiki za Linux zenyewe, yaani Mesa (mkusanyiko wa viendeshi huria, vyenye msimbo ulio wazi), kerneli, vidhibiti vya madirisha vya Wayland (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha), hapo ushauri huo unamtupa mtoni. Kuanzia GTX 960, 970 na 980, kadi za NVIDIA zilianza kudai famuwea (programu ya ndani ya kadi) yenye saini ya kampuni hiyo, na kiendeshi huria cha Nouveau hakikupewa famuwea ya kupandisha kasi. Ndiyo maana GTX 1060 iliyo chini ya Nouveau inatambaa kwa mwendo ule ule iliowakia, hata kama maunzi yake yana nguvu mara kadhaa ya hapo. Kampuni nayo ilishatangaza kwamba tawi la 580 la kiendeshi chake ndilo la mwisho kwa vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta, ambamo zimo kadi zote hizo za GTX. Pamoja na hayo, GTX 1050 Ti bado zinapangwa kwenye rafu za maduka yetu kama ndizi mbivu, na hakuna muuzaji anayemwambia mteja kwamba njia ya kiendeshi huria imefungwa na ya kiendeshi rasmi inafungwa.

Kuna watakaosema NVIDIA imefungua msimbo wake Mei 2022. Ilichofungua ni moduli za kerneli, kwa kizazi cha Turing, kile cha RTX 2060, na kuendelea. Kikusanyi cha sheda (kinachozigeuza kuwa maelekezo ya mashine), utekelezaji wake wa Vulkan na wa OpenGL, mtangulizi wa Vulkan, vilibaki ndani ya kufuli. Mwaka huo huo watu wa nje, wakiongozwa na Faith Ekstrand, Karol Herbst na Dave Airlie, walitangaza NVK, kiendeshi huria cha Vulkan ndani ya Mesa, na leo mwenye RTX 2060 au zaidi anaweza kufanya kazi ya maana juu yake. Heshima hiyo niwape waliokiandika, wala msiitumie kumtetea muuzaji wa GTX 1050 Ti. Kwa wanaodhani hasira hii ni yangu peke yangu, programu ya Sway, kidhibiti cha madirisha cha Wayland, iliwahi kukataa kuwaka juu ya kiendeshi kilichofungwa mpaka mtumiaji aandike agizo lenye maana ya "GPU yangu ijayo haitakuwa ya NVIDIA".

Linganisheni na upande wa pili. Katika kadi ya AMD yenye RADV, kiendeshi huria cha Vulkan kilichomo ndani ya Mesa, naweka RADV_DEBUG=shaders mbele ya amri yangu, na terminali inanimwagia sheda yangu hatua kwa hatua mpaka maelekezo ya mwisho ya mashine, ambayo naweza kuyasoma nikiwa na kitabu cha maelekezo kilichochapishwa na AMD yenyewe. Kikusanyi cha sheda cha RADV, ACO, kililetwa na Valve, kampuni ya magemu, mwaka 2019 kwa ajili ya wachezaji, ili magemu yasikwamekwame, na mimi msanidi ninakifungua na kukibadilisha nipendavyo. Ndiyo sababu kwa mtu mwenye mahitaji mawili jibu la kwanza linapaswa kuwa Radeon ya kizazi cha RDNA2 au zaidi. RX 6600 ina gigabaiti 8, inakula wati 132 na ina sheda za mesh (za kuunda maumbo) na ufuatiliaji wa miale ya mwanga kwa maunzi, mambo ambayo RX 580, hata ile halali, haina.

AMD nao si malaika. RX 6500 XT ya mwaka 2022 ina njia nne tu za PCIe (kiungo kati ya kadi na ubao wa kompyuta) na haina kisimbaji cha video, kwa hiyo ukiipachika kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 unapoteza kasi ambayo boksi halikukutajia. Na kama televisheni yako ni ya 4K na herzi 120, jueni kwamba mapema 2024 ilijulikana kuwa HDMI Forum, muungano unaosimamia HDMI, ilikataa AMD kuweka HDMI 2.1, inayohitajika kwa kasi hiyo, ndani ya kiendeshi huria. Nunueni skrini yenye DisplayPort.

Intel Arc B580, ya Desemba 2024, ina gigabaiti 12, viendeshi vyake vya Linux ni huria, na ilitangazwa kwa dola 249. Tatizo ni mashine zetu. Wengi wetu tunajengea juu ya kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, na Arc bila Resizable BAR (uwezo wa kichakato kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) inaporomoka vibaya, ilhali mashine nyingi za umri huo hazina kabisa. Pawa saplai za kompyuta hizo nazo nyingi hazifiki wati 300 na hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kulisha kadi, kwa hiyo hata RX 6600 itadai pawa saplai mpya. Muuzaji aliyewahi kuniuliza pawa saplai yangu ni ya wati ngapi kabla ya kupokea pesa, sijakutana naye.

Ninachodai ni kidogo. Mteja aruhusiwe kuja na flashi yenye Linux, aiwashe mashine ya dukani juu ya kadi anayoinunua, aandike lspci na vulkaninfo (amri inayoonyesha kadi na kiendeshi chake cha Vulkan), aiendeshe kwa mzigo mzito kwa muda wa kutosha, kisha ndipo alipe. Jina litakaloonekana kwenye skrini ndilo liandikwe kwenye risiti, na kama kadi imetumika, iandikwe imetumika. Mwenye kujua duka la Dar, Arusha au Mombasa linalokubali masharti hayo alitaje hapa, na mwenye RX 6600 au RX 7600 aliyoinunua huku kwetu aweke matokeo ya lspci, toleo la Mesa na bei aliyolipa. Wa "chukua NVIDIA, maliza", tafadhali someni kwanza aya za juu.