Hivi kanuni ya Pythagoras ni ya Pythagoras kweli?

Wakuu habari zenu, mwanangu yuko kidato cha pili, juzi kaniuliza baba huyu Mgiriki Pythagoras ndo aligundua hii kanuni, kwamba kwenye pembetatu mraba (yenye pembe ya nyuzi 90) ukijumlisha vipeo vya pili vya pande mbili fupi unapata kipeo cha pili cha upande mrefu? Nikamwambia hapana, tukabishana mpaka usiku, sasa naileta hapa.

Kuna kibao cha udongo kiko chuo kikuu cha Yale, Marekani, kidogo tu kinaenea kiganjani, cha Babeli, Iraki ya zamani, kati ya mwaka 1800 na 1600 KK. Kimechorwa mraba na mistari miwili ya kona kwa kona. Ubavuni wameandika 30, katikati 1 24 51 10, chini yake 42 25 35. Hawa jamaa walihesabu kwa sitini sitini, kama sisi na dakika zetu, kwahiyo shika kalkuleta: 1, jumlisha 24 gawa kwa 60, jumlisha 51 gawa kwa 3600, jumlisha 10 gawa kwa 216000, unapata 1.414213. Hicho ni kipeuo cha pili cha 2! Na mstari wa kona kwa kona unakata mraba kuwa pembetatu mraba mbili, ubavu ukiwa 1 kanuni inasema 1 jumlisha 1 ni 2, mstari ni kipeuo chake. Zidisha kwa 30 inakuja 42.426, ndo ile 42 25 35, urefu wa ule mstari wa kona kwa kona. Pythagoras kazaliwa kama 570 KK, zaidi ya miaka elfu moja baadae.

Mtaniambia walibahatisha. Mtu anabahatishaje tarakimu sita?

Mtasema pia kutumia kanuni sio kuithibitisha. Hoja hiyo naikubali, Wagiriki hapo walifanya kazi kubwa, ila uthibitisho tunaousoma ni wa Euclid, Mgiriki mwingine wa hisabati, kama 300 KK, Pythagoras mwenyewe hajaacha hata mstari mmoja alioandika.

Na nyie mnaosema kila kitu kiliibiwa Misri, mi Mwafrika mwenzenu natamani iwe hivyo lakini kwenye mafunjo ya Ahmes, maandishi ya hesabu ya Misri ya kama 1550 KK, hii kanuni haimo. Kilichomo ni kingine na kitamu: eneo la shamba la duara lenye kipenyo 9, toa moja ya tisa ya kipenyo, inabaki 8, 8 mara 8 ni 64. Leo tunapata 63.6. Tuwasifie kwa hicho, ni chao kabisa.

Wachina mashuleni kwao wanaiita gougu, Pythagoras hayumo kwenye jina, na watoto wao wanaielewa vizuri tu. Kwanini vitabu vyetu visiandike kanuni ya pembetatu mraba, halafu Babeli, Pythagoras na Euclid kila mtu apewe mstari wake? Anayepinga alete hoja, nipo.