Mgonjwa wa moyo akiacha mazoezi msikimbilie kusema ni mvivu!!

Jamani leo wacha niseme maana nikinyamaza nitapasuka. Kila nikimpeleka mzee wangu kliniki ya moyo lazima nimsikie nesi akilalamika eti wagonjwa wa siku hizi wavivu, wakipata nafuu kidogo wanapotea, halafu wanarudi wamebebwa. Wavivu??

Sisi tuko Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Hospitali yenye hayo mazoezi, yale ya kusimamiwa anayopewa mtu baada ya shambulio la moyo, iko Kampala. Ratiba ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tatu asubuhi, wiki 12. Sasa nani alikaa akapanga hivyo? Ili uwahi saa tatu inabidi utoke Busia usiku, upande taksi, Iganga, Jinja, Mabira, ukifika Mukono jam haisogei, ukishuka Kampala bado boda. Yaani mtu ametoka juzi kupata shambulio la moyo umpakie kwenye boda ili akatembee kwenye mashine nusu saa kisha ageuze njia ileile. Na hawezi kwenda peke yake, kwa hiyo mimi nafunga duka, na transipoti ni ya watu wawili, hapo hata chai hatujanywa.

Siku moja tumechelewa, karani akachukua kadi ya mzee akaandika kwa kalamu nyekundu "HAKUJA". Mzee amesimama mbele yake, anahema, kofia mkononi! Nikamuuliza huyu unayemwona ni nani? Akaniambia sista kaa pembeni.

Kingine, hakuna aliyemkalisha mzee akamweleza haya mazoezi ni ya nini. Yeye anajua tiba ni vidonge, kukimbia ni kwa vijana wa mpira. Kifua kimeacha kuuma, basi amepona. Tena anaogopa, moyo ukienda mbio kidogo anashika kifua anadhani ule ugonjwa umerudi, na hasemi, mnajua wazee wetu. Kumbe programu yenyewe ni zaidi ya mashine, kuna mambo ya chumvi, sigara, kumeza dawa vizuri, hata msongo wa mawazo, na imeshaonekana inapunguza kulazwa tena na kufa kwa moyo. Haya nimeyasoma mwenyewe kwenye simu!

Na akina mama ndio kabisa, mama atamwachia nani wajukuu na shamba aende Kampala mara tatu kwa wiki?

Wala si Uganda tu. Marekani kwenyewe bima ya wazee inalipia vipindi 36 na bado wanaojitokeza ni kama robo tu ya wanaostahili, na wengi wao hawamalizi. Wao pia wavivu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mazoezi ya nyumbani yapo. Wale wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti wakalinganisha waliofanyia hospitali na waliofanyia nyumbani kwa mpango maalumu, matokeo karibu sawa. Kwa hiyo mpimeni mtu vizuri, mpeni karatasi atembee dakika ngapi na dalili gani zikitokea asimame, nesi apige simu kila wiki, presha apimiwe helth senta ya karibu. Simu siku hizi wengi wanazo!

Kama kuna mtu wa Tororo, Mbale au Arua ambaye mgonjwa wake amepewa mpango wa namna hii aseme ni wapi na aliuombaje, maana mimi na karani yule hatuongei tena.