Paka anajilamba mpaka tumbo limenyonyoka: kola, dawa ya viroboto, kubadili chakula au sindano?

BintiNgamiani (Tanga)

Assalaam alaykum wapendwa. Nina paka jike, Karafuu, ana miaka minne, tumeshamfunga kizazi. Tangu Ramadhani iishe anajilamba bila kupumzika. Sisemi kule kujilamba kwa kawaida baada ya kula. Huyu anazinduka usingizini kulamba, anaacha sahani katikati akalambe. Tumbo lote la chini limebaki ngozi tupu, na mapaja ya ndani yameanza kufuata. Ngozi haina kidonda wala upele, ni laini kama ya mtoto.

Nyumbani wote wanasema ni huzuni, kwa sababu mdogo wangu aliyekuwa akilala naye kaolewa na kuhamia Korogwe. Nikiuliza mtaani, kila mtu ana lake. Kuna kola ya plastiki ya shingoni, 15,000. Kuna matone ya viroboto ya kila mwezi, 20,000 kwa paka mmoja. Wengine wananiambia nibadilishe chakula. Na duka la dawa za mifugo wana sindano ya 25,000, wanasema muwasho unakwisha ndani ya siku mbili. Nina kama laki moja ya kuanzia. Niianzishe wapi? Viroboto nimetafuta kwa chanuo, sijaona hata mmoja.

Baharia_Kibokoni (Mombasa)

Alaykum salaam dada. Kola mie nimeitumia, nikwambie nilivyoona. Wangu alivaa wiki tatu, manyoya yakaota, nyumba nzima twafurahi. Nikaivua. Siku ya nne kashanyonyoa yote upya. Kola yazuia ulimi, haigusi kinachomuwasha. Yafaa kama ngozi imechubuka na wataka ipone. Na wako hana kidonda, hivyo utamtesa bure. Paka aliyevaa kola hashindwi kujilamba tu, hata kunywa maji na kupita mlangoni ni taabu. Ikibidi kumzuia, fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa nafasi ya miguu ni afadhali, alale nayo usiku.

Lakini ngoja, nina jambo kubwa kuliko kola. Mtazame anapokwenda mchangani. Dume langu la pili alikuwa akilamba tumbo la chini na sehemu zake za siri, nami nikadhani ni ngozi. Kumbe kibofu chamuuma. Siku moja akachutama, akachutama, tone halitoki. Daktari akaniambia ningengoja mpaka kesho yake ningemzika. Jike huziba mara chache sana, ila maumivu ya kibofu hata yeye huyapata, na hapo ndipo hulamba.

BintiNgamiani (Tanga)

Ahsante kaka. Anakojoa vizuri, mabonge ya mchanga ni makubwa, hana damu. Nimelihesabu hilo kwa siku tatu.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Dada, umeuliza vizuri, na kaka wa Mombasa amesema kitu cha maana sana kuhusu mkojo. Mimi ni daktari wa mifugo. Nina neno kuhusu hiyo huzuni.

Hapa kwetu paka akinyonyoka bila kidonda, jibu la kwanza ni msongo wa mawazo. Mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha utafiti wa paka 21 walioletwa kwa dhana hiyo hiyo, kwamba wanajinyonyoa kwa sababu ya akili. Walipochunguzwa mpaka mwisho, 16 walikuwa na ugonjwa wa mwili, hasa mzio wa chakula, wa viroboto au wa mazingira. Watatu walikuwa na vyote viwili. Wa akili peke yake walikuwa wawili tu. Kwa hiyo mdogo wako msimhukumu mapema.

Sasa viroboto. Paka anayejilamba hivyo ni chanuo kuliko chanuo lako, anawameza kabla hujawaona. Usitafute kiroboto, tafuta kinyesi chake. Msimamishe Karafuu juu ya karatasi nyeupe ya jikoni iliyoloanishwa, msugue mgongo kwa vidole kinyume cha manyoya, hasa karibu na mkia. Vikidondoka vichembe vyeusi, ngoja dakika chache. Vikitoa rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu yake iliyosagwa tumboni mwa viroboto. Vikibaki vyeusi, ni vumbi. Haigharimu shilingi. Na hata karatasi ikibaki safi, paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa kwa kuumwa mara chache sana, kwa hiyo pwani mimi huanza na dawa ya viroboto hata nisipoona kitu. Joto na unyevu wa Tanga haviwapi viroboto likizo mwaka mzima.

Mimi ningepanga hela hivi: kwanza matone, kwa paka WOTE wa nyumbani. Chakula baadaye. Sindano usiiguse mpaka uelezwe ina nini ndani.

Jirani_wa_Rongai (Nairobi)

Mkuu wa Morogoro, naomba nikazie hapo kwa sindano, kwa sababu nililipa gharama yake. Paka wangu alidungwa, na kweli siku ya pili aliacha kujilamba. Nilifurahi sana. Baada ya miezi miwili ikarudi, akadungwa tena, halafu tena. Hakuna aliyewahi kutafuta kilichokuwa kikimuwasha, hata mimi. Mwaka wa pili alianza kunywa maji kupita kiasi, beseni la mchanga linalowa kutwa. Alikuwa na kisukari. Niliishia kumdunga insulini asubuhi na jioni.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Pole sana ndugu. Ni kweli, sindano za namna hiyo mara nyingi ni steroidi, dawa za kuzima muwasho, na zile zinazokaa mwilini wiki nyingi zinaweza kumletea paka kisukari. Sindano ikishaingia haitoki, huwezi kuirudisha kwenye bomba. Sisemi steroidi ni sumu. Paka aliyejikwangua mpaka damu nampa mwenyewe, ila vidonge, kwa siku chache, ninapunguza taratibu, huku nikiendelea kutafuta chanzo. Ukilinganisha na vitu vingine alivyotaja dada, sindano ndiyo ya haraka kuliko zote na ndiyo inayoficha mengi kuliko zote.

MamaWatatu (Mbagala)

Nawaomba msome hili kabla hamjaenda dukani. Mwaka juzi paka wetu alikuwa na viroboto. Nilikuwa na matone ya mbwa yaliyobaki, nikasema nimpe nusu kwa kuwa yeye ni mdogo. Saa chache baadaye masikio yanachezacheza, kisha mwili mzima unatetemeka, kisha degedege. Watoto wanaangalia. Alikufa alfajiri. Sikujua kabisa kwamba dawa ya mbwa inaweza kuua paka. Kila nikiona mtu anaandika "matone ya viroboto" bila kusema ya nani, moyo unanidunda.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Mama, pole, na ahsante kwa kuliandika. Dawa yenyewe ni pemetrini. Mbwa anaistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Someni pakiti: iwe na picha ya paka na uzito wa paka. Fipronili au selamektini iliyotengenezwa kwa paka ni sawa. Ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, hata ukiichanganya na ndoo nzima ya maji, usimpake. Mafuta ya taa usimpake. Na ile ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ukiitia maji usimwogeshee, kwa sababu chochote unachopaka mgongoni leo atakilamba leo leo. Ikitokea bahati mbaya dawa ya mbwa imemmwagikia, mwoshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge kwenye taulo asipate baridi, mkimbizie daktari. Usingoje atetemeke.

BintiMuscat

Salamu kutoka Muscat. Sitaki kupinga utafiti, lakini wangu alikuwa kati ya wale wachache. Tulihama kutoka nyumba yenye uwanja tukaingia ghorofa, kiyoyozi kutwa, madirisha yamefungwa, sote tuko kazini. Alinyonyoa tumbo na mkono mmoja. Viroboto alitibiwa miezi mitatu, chakula kikabadilishwa, mkojo ukapimwa, ngozi ikapimwa. Hakuna kitu.

Kilichomsaidia kwanza ni ratiba: chakula saa zile zile, na mchezo wa kamba yenye unyoya dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mpaka achoke mwenyewe. Nikamwekea rafu karibu na dirisha aangalie njiwa, na boksi la kujificha. Nikaacha kumkemea, kwa maana nilikuwa nikimpigia kelele "wacha!" na yeye akienda chini ya kitanda kulamba zaidi. Nikimwona anaanza, namrushia mpira tu. Baadaye daktari akaongeza fluoksetini, dawa ya msongo wa mawazo, dozi ya paka. Ilipita zaidi ya mwezi ndipo nikaona tofauti. Ilikuwa njia ndefu na ya gharama kuliko zote mlizotaja, na singeianza kama sijamaliza zile nyingine.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Umefanya kwa mpangilio unaotakiwa dada. Wasomaji, msichukue vidonge vya binadamu mkakata wenyewe.

Dada wa Tanga, Karafuu anakula nini?

BintiNgamiani (Tanga)

Dagaa na wali, na vichwa vya samaki. Tangu mdogo. Kwa hiyo sidhani kama ni chakula, kwa maana hatujambadilishia kitu.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mzio hauhitaji chakula kipya. Mwili huanza kukikataa kitu ulichokizoea, mara nyingi baada ya miaka. Na kwa paka, nyama ya ng'ombe na samaki ndivyo vinavyoongoza, kuku anafuata.

Jaribio lenyewe ni wiki nane kamili za nyama moja ambayo hajawahi kula. Kwa Tanga, mbuzi au sungura, iliyochemshwa bila viungo. Siku ya tatu bibi akimtupia kichwa cha changu, mnaanza upya. Manyoya yakirudi, mnamrudishia samaki, na akianza kujilamba ndani ya wiki mbili mmepata jibu. Bila kumrudishia hamjui kilichomponya. Halafu nyama tupu haimtoshi paka kwa miezi na miezi, inakosa kalsiamu na vinginevyo, kwa hiyo baada ya jaribio tunapanga chakula kamili.

Baharia_Kibokoni (Mombasa)

Daktari, wiki nane bila samaki katika nyumba ya pwani ni kazi. Paka hutoka akaenda kwa jirani, akaenda sokoni. Mie nilishindwa mara mbili.

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Najua, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na viroboto. Matone unayapaka shingoni mara moja kwa mwezi, jirani hawezi kuyaharibu. Ila fanyeni miezi mitatu mfululizo. Wale wakubwa mnaowaona kwa paka ni kama 5 katika kila 100. Waliobaki ni mayai na mabuu kwenye mikeka, na wengine wamejifunga ndani ya vifuko ambavyo dawa ya kupuliza haiviingii. Wanatoka kidogo kidogo, na mtu anadhani dawa imeshindwa.

Ukipata nafasi ya kwenda kliniki, omba pia wang'oe manyoya machache pembezoni mwa upara wayatazame kwa hadubini. Yakiwa yamekatika ncha, ni ulimi. Yakiwa na ncha nzima yamedondoka yenyewe, basi tunatafuta kitu kingine kabisa. Na wapime choa, kwa sababu hicho kinahamia kwa watoto.

BintiNgamiani (Tanga)

Jamani. Nimefanya ile ya karatasi sasa hivi. Vimedondoka vichembe kama unga wa pilipili manga, na vyote vimetoa wekundu. Nimekaa chini sakafuni. Nimemchana huyu paka wiki tatu sikuona kitu.

Kesho nanunua matone, ya paka, nitasoma pakiti mara mbili kwa ajili ya Mama wa Mbagala. Nina paka wengine wawili, mmoja ni wa uani hashikiki vizuri, je naye?

DaktariWaNg'ombeNaPaka (Morogoro)

Naye hasa. Mpake wakati anakula.

BintiNgamiani (Tanga), wiki ya saba

Nimerudi. Matone ya 20,000 kwa kila paka, paka watatu, kila mwezi, yalinishtua, lakini wote watatu wamepakwa mara mbili sasa. Mikeka na foronya tumefua kwa maji ya moto tukaanika juani, godoro tumetoa nje, chini ya makochi tunafagia kila siku. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika, nikakaribia kwenda kuchoma ile sindano. Nikarudi kusoma ya ndugu wa Rongai, nikaacha.

Wiki ya nne nilipitisha kiganja tumboni nikahisi kitu kama kitambaa cha mahameli. Leo tumbo limefunikwa, manyoya mafupi meupe. Mapaja bado anayalamba kidogo jioni, kwa hiyo namalizia dozi ya tatu kwanza, na ikibaki hivyo ndipo nitaingia kwenye mbuzi.

Mdogo wangu alipiga simu toka Korogwe juzi. Kumbe alikuwa akilia usiku, akidhani ndiye aliyemuumiza Karafuu kwa kuondoka. Nimempigia ya video nikamwonyesha sahani: kala mpaka mwisho, hakunyanyua kichwa hata mara moja.