Dagabodi ya F18 imekwama kwenye ala, haipandi wala haishuki

TangaMbili: Wadau, katamarani yangu (chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili) ni F18, aina ya mbio ya futi 18. Dagabodi ya kushoto, ule ubao unaoshushwa majini kuzuia chombo kisisukumwe kando, imekwama kwenye ala yake (uwazi unaopita mtumbwini toka sitaha hadi chini) nikiishusha, imetoka chini kama theluthi mbili. Ya kulia inapita bila shida. Chombo kilikuwa kimesukumwa kwenye ufukwe wa changarawe. Mbio ni Jumamosi. Niitoeje bila kupasua ala?

FundiFaiba: Usiipige nyundo kichwani. Ala imeungwa kwenye sitaha na tumboni mwa mtumbwi kwa gundi tu, na kiungo hicho kikiachia maji yanaingia ndani. Dalili zako ni za kijiwe au ganda la kombe lililojipiga kabari kati ya ubao na ukuta, kwa hiyo kila ukisukuma chini linakaza zaidi.

Shusha mlingoti, laza chombo ubavu juu ya matairi mawili, mtumbwi wenye tatizo uwe chini. Ingiza mpira wa maji baridi kwa upande wa sitaha, dakika tano, kisha kwa upande wa chini. Mimina sabuni ya vyombo. Chukua upapi wa plastiki wa tanga kuukuu, upitishe pande zote mbili za ubao mpaka uguse kilichokwama. Chuma kitachimba ukuta, usikitumie. Halafu funga kamba kwenye tundu la kichwani, mmoja avute kurudi juu huku mwingine akitikisa ncha ya chini mbele na nyuma, si kushoto na kulia. Ikirudi milimita chache tu, mwaga maji tena kabla ya kuendelea.

Goshini: Kama maji yanapita vizuri na upapi haugusi kitu, basi ubao umevimba. Ukitoka, pima unene kwa kalipa sehemu tatu na ulinganishe na wa kulia. Tofauti ya milimita moja inatosha kukwamisha. Mara nyingi maji yameingilia kwenye ufa wa ncha. Mkuu, usiupige msasa ukiwa na maji: utapunguza faiba nzuri, na ukikauka utacheza ndani ya ala. Ukaushe kivulini, uupime uzito kila siku chache, na usizibe kwa epoksi (gundi ya faiba) mpaka uzito usimame.

TangaMbili: Asante sana. Nikishaitoa, nipulize silikoni ndani?

FundiFaiba: Hapana. Silikoni ikishagusa faiba, epoksi na rangi hazishiki tena siku ya kurekebisha. Kagua kitambaa cha ndani ya ala, juu na chini: kikibanduka pembe kinajikunja na kukwamisha kama jiwe. Badilisha kwa velkro ya gundi, upande ule laini, na ubao ushuke kwa kusukumwa na mkono mmoja.

Goshini: Na baharini, usipandishe dagabodi chombo kikiwa kinabisha, yaani kikipanda upepo, maji yanaibana ukutani. Legeza demani, kamba ya kuvutia tanga, kwanza.