Lebo ya kukaribisha wageni kwenye programu huria: nakosea wapi?

mtunza_daftari, Kahawa West

Wadau, habari za jioni. Nina programu huria ndogo (msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchangia) ya hesabu za chama: nani kachanga, nani anadaiwa faini, zamu ya nani kupokea. Niliianza kwa ajili ya chama cha mama yangu, sasa vyama kadhaa hapa mtaani vinaitumia na kazi imenizidi. Mwezi Juni nilipitia orodha ya kasoro nikabandika lebo ya "good first issue", yaani kazi ya kuanzia kwa mgeni, kwenye 11 nilizoziona nyepesi.

Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Mtu anaandika "naomba nipewe hii", nampa, halafu kimya. Saba wamepita hivyo. Nilidhani hawana nia, mpaka msichana mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akaniandikia barua pepe ndefu saa sita usiku. Alikuwa amechukua ile ya tarehe, ambayo kwangu ndiyo rahisi kuliko zote. Siku nzima ilimwishia akitafuta tu faili linalohusika. Kesho yake akagundua programu haiwaki bila kupakua hifadhidata ya mfano, nayo inapita jigabaiti 1, na bando lake la wiki likaishia hapo. Alitaka kuniuliza akaona aibu, maana lebo inasema ni kazi ya kuanzia, na yeye imemshinda.

Hiyo aibu ndiyo inayoniuma. Mimi ningeimaliza kwa dakika 10, basi nikaiita nyepesi. Nyinyi mnaotunza miradi, mnajuaje kwamba kazi fulani inamfaa mgeni? Au nizitoe lebo zote kwanza?

fundi_wa_usiku

Pole dada, lakini usizitoe zote. GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa miradi, huiweka lebo hiyo yenyewe kwenye kila hazina mpya (yaani mradi mpya), na kazi zilizo nayo huzikusanya kwenye ukurasa wa mradi ambao anwani yake inaishia na /contribute. Mgeni anaweza kufika kwako kupitia hapo bila kuisoma README yako, lile faili la maelezo ya mradi, hata mstari. Maelezo ya ile kazi ndiyo mlango pekee anaouona.

Wenzetu wa Kubernetes, mradi mkubwa wa programu huria, wameandika masharti. Kazi haistahili lebo hiyo mpaka suluhisho liwe limeelezwa, sehemu ya msimbo inayohusika imetajwa, kuna mfano wa kazi inayofanana nayo, na inaweza kupimwa kwa majaribio yaliyopo. Iliyo wazi ila haijaelezwa kiasi hicho inapewa "help wanted" (msaada unahitajika) peke yake. Angalia kwamba hawapimi wepesi tu. Wanapima pia kama aliyeandika amemaliza sehemu yake.

Na jingine: weka jina la mtu. Kwenye Bugzilla, daftari la kasoro la Mozilla wanaotengeneza Firefox, kasoro inaweza kuandikiwa mshauri wake, kwa hiyo mgeni anajua wa kumuuliza ni nani. Andika tu "ukikwama, niulize mimi hapa hapa", uone tofauti.

wa_githurai

Nimewahi kuwa huyo msichana. Nilikuwa nafanyia kazi zangu kwenye saiba, nalipa kwa dakika, na ukiwa unalipa kwa dakika hupakui jigabaiti.

Kitu cha kwanza ninachotazama si lebo. Natazama mtu wa mwisho aliyeleta mchango alijibiwa baada ya muda gani. Nikikuta ombi la kuingiza mchango lina miezi minne bila hata "asante, tumeona", naondoka kimya, na pengine hao saba wako waliondoka hivyo.

Mchango wangu wa kwanza kupokelewa ulikuwa neno moja. Kitufe cha kuhifadhi kilikuwa kimeandikwa "Okoa", kana kwamba hati inazama ziwani! Nikaweka "Hifadhi". Lakini ili nikifikie kile kitufe ilinibidi nijue tafsiri zinakaa wapi, tawi (nakala ya kufanyia mabadiliko) linafunguliwaje, majaribio yanaendeshwaje. Neno lenyewe lilikuwa kisingizio tu, hiyo safari ndiyo iliyonifundisha. Mtunzaji alinijibu jioni ile ile kwa jina langu, na mpaka leo bado nachangia mradi ule.

mzee_wa_matawi

Naongeza mawili. Andika mapema kwamba kazi ikikaa siku 14 bila neno inarudi kwa wote, bila lawama. Mtu ana mitihani, stima imepotea, mtoto anaumwa. Akijua mlango haujafungwa atarudi.

La pili, jihadhari na Oktoba. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, ipo tangu 2014 na imeleta wengi, ila 2020 miradi ilifurika maombi ya mtu kubadilisha neno moja kwenye README ili apate fulana. Waandaaji wakabadilisha utaratibu mwezi huo huo, mradi ukawa unashiriki kwa hiari. Kazi isiyo na maelezo ndiyo inayovuta watu wa aina hiyo kwanza.

mtunza_daftari

Asanteni sana. Lebo nimeziacha kwenye kazi 4 tu. Ile ya tarehe ilikuwa na maneno mawili, "Rekebisha tarehe". Sasa inasomeka hivi:

"Mchango wa tarehe 3 Novemba unaonekana 11/3, na mwanachama anadhani tumemwandikia Machi. Tunataka siku itangulie mwezi. Faili ni tarehe.js, kitendakazi cha kwanza kabisa. Huhitaji kuwasha programu nzima wala kupakua hifadhidata: endesha majaribio ya faili hilo peke yake. Nitajibu hapa kila siku baada ya saa mbili usiku."

Nilimtumia yule msichana kiungo, nikamwomba radhi. Jana saa nne usiku ombi lake limeingia, mistari 6, pamoja na jaribio la tarehe 29 Februari ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Ombi nimeliunganisha na mradi. Ameuliza kama ile ya faini imechukuliwa, kwa hiyo leo naketi kuiandika upya.