Dereva wa kushoto naenda kuendesha kulia, tena milimani. Nishaurini

BintiMakini
Wakuu, habari za muda huu.

Mwezi ujao mimi na mume wangu tunasafiri wiki mbili kwenye nchi ya milima. Gari tumeshakodi, na kwa kuwa yeye katoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, dereva ni mimi mwanzo mwisho. Nimeendesha kushoto miaka 11, kule ni kulia. Barabara zenyewe nimeziona kwenye picha: huku mwamba, huku bonde.

Lakini kinachoninyima usingizi ni zile siku nne za kutembea mlimani. Mara ya mwisho nilipanda vizuri tu, kwenye kushuka nikaganda. Magoti yakawa yanacheza, nikakaa chini, nikajiburuza kwa makalio huku watoto wa watu wananipita wakiruka kama mbuzi. Mume anasema "utazoea tu". Naombeni kitu cha kufanya. "Usiogope" nimeshaambiwa ya kutosha.

Gia_ya_Pili
Dada, gari la kule usukani uko kushoto, kwa hiyo dereva siku zote anakaa upande wa mstari wa kati. Ukijikuta wewe ndiye uko ukingoni na mumeo yuko katikati ya barabara, ujue umeingia siko.

Kwenye foleni hutakosea, unafuata wenzako. Utakosea alfajiri barabara ikiwa tupu, unapotoka kujaza mafuta. Mimi nilikosea mara mbili na zote zilikuwa hivyo hivyo. Mwambie mumeo kila mnapotoka mahali aseme kwa sauti "kulia". Mtachokana, lakini inasaidia. Kukata kushoto ndiko kunakovuka magari yanayokuja, na kiplefti (huko sijui wanaiitaje!) unaizunguka kinyume cha saa. Indiketa na waipa huenda vimebadilishana mkono. Siku ya kwanza nilifuta kioo kikavu kila nikitaka kukata kona.

Halafu utajikuta unabana sana kulia, kwa sababu mwili umezoea kukaa upande ule. Mumeo akianza kujikunyata mlangoni, rudi kidogo kushoto.

KakaMzaha
Mpe mzee usukani, jicho moja linatosha 😂

Gia_ya_Pili
Kaka usimpotoshe mwenzio. Nilisahau mteremko: shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Ukikalia breki muda mrefu zinachemka na kuishiwa nguvu. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama uziache zipoe zenyewe, usimwagie maji. Gari la otomatiki nalo lina namna ya kushikilia gia ya chini, iwe L, 2 au M. Itafute kabla hujatoka kwenye maegesho. Na mwenye haraka nyuma yako, mpishe aende zake.

Mpenda_Vilima
Kupanda ni pumzi tu. Kazi iko kwenye kushuka, kwa hiyo hujaganda peke yako.

Mtu akiogopa anaegemea nyuma, na hapo ndipo kiatu kinapoteleza. Kunja magoti kidogo, hatua fupi, uzito uwe juu ya nyayo. Chukua fimbo mbili, na mkianza kushuka zirefushe. Kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kucha zikate kabla ya safari (utanikumbuka).

Ramani itakwambia mapema: kontua (ile mistari inayoonyesha mwinuko) zikibanana, pale ni pakali. Muda upige hivi, ni hesabu ya Naismith, Mskoti, ya tangu 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mwinuko wa mita 900 ni saa tatu na nusu, bado hamjapumzika. Mkipanga kwa kilomita tupu, giza litawakuta njiani.

BintiMakini
Asanteni sana. Na nikiganda tena?

Mpenda_Vilima
Simama, shika kitu, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta. Usiangalie bonde wala mawingu yanayotembea. Mumeo asikae nyuma kukuhimiza, atangulie hatua chache, wewe angalia visigino vyake. Ikishindikana, rudini. Makalio nayo ni mbinu, dada, kwenye mwamba mkali hata wazoefu wanashuka wakiwa wameugeukia.

BintiMakini
Mrejesho: gari tumebadilisha, sasa ni la otomatiki. Njia ya siku ya pili nimeifuta, kontua zake zimebanana kama nyuzi za kitambaa. Mzee kanuna kidogo, ila fimbo kanunua, na tangu jana anatembea nazo sebuleni.